Hela Nazo Zina Likizo

Jamani, hivi nani aliamua hela nazo zipumzike? Mimi nikipumzika ni kwa sababu nimechoka. Hela imechoshwa na nini? Haitembei, haibebi mzigo, siku hizi ni tarakimu tu zinazohama kompyuta hii kwenda ile. Lakini ikifika sikukuu, tarakimu zinafunga ofisi!

Mhasibu anakwambia, "Mshahara tumeshatuma." Na kweli katuma. Alhamisi jioni, mkesha wa Ijumaa Kuu. Benki ina saa yake ya mwisho ya kupokea maagizo. Ukiipita kidogo tu, agizo lako linahesabiwa limeletwa siku ya kazi inayofuata. Ijumaa sikukuu. Jumamosi na Jumapili si siku za kazi. Jumatatu ya Pasaka, wamefunga. Kwa hiyo mshahara wa Alhamisi unaanza safari Jumanne, tena nyuma ya foleni ya wote waliotuma hela benki zikiwa zimelala.

Nikaenda kuuliza. Dada wa dirishani, mpole kabisa, akaniambia, "Kaka, mngekuwa benki moja na mwajiri wako ingeingia saa ileile, ni kuandika tu kwenye daftari letu. Ila benki mbili tofauti, maagizo yanakusanywa mafungu kwa mafungu, halafu benki zinalipana kupitia akaunti zao za benki kuu. Benki kuu ikifunga, hakuna wa kulipana." Nikamwambia, dada yangu, mimi siidai benki kuu. Akacheka. Mimi sikucheka.

Na hizo likizo zenyewe! Mfumo mkuu wa malipo ya euro unafungwa kila Jumamosi na Jumapili, halafu siku sita zaidi kwa mwaka. Benki kuu ya Marekani ina sikukuu 11, na moja ikiangukia Jumapili, Jumatatu wanafunga. Umesikia hiyo? Hela ikikosa likizo inafidiwa! Mimi likizo yangu ikiangukia kwenye homa, nani ananifidia?

Ya kuvuka mipaka ndiyo usiseme. Lazima siku iwe ya kazi huku na kule, na ikipitia benki nyingine ya katikati, na kwao pia. Saudia wanapumzika Ijumaa na Jumamosi. Ukituma Ijumaa, wao wamelala. Jumapili wameamka, wewe umefunga. Ongeza sikukuu ya upande mmoja hapo, uone kama hiyo hela haitafika imezeeka.

Lakini kinachonichoma ni kadi. Nunua kitu usiku wa manane, sikukuu kubwa kuliko zote, salio linashuka papo hapo! Nikamrudia yule dada. "Hiyo bado haijaenda kaka, imezuiwa tu. Mwenye duka ataipata siku za kazi." Ngoja kwanza. Kwangu haipo. Kwake haijafika. Sasa iko wapi? Iko ufukweni, imevaa miwani ya jua?

Na wasiniambie haiwezekani. Brazil tangu Novemba 2020 wana Pix, mfumo wao wa malipo ya papo hapo: usiku, Jumapili, sikukuu, hela inaingia palepale. Marekani walifungua wa kwao, FedNow, Julai 2023, nao haulali. Ulaya kuna malipo ya euro ya sekunde 10. Sekunde 10! Mimi kwa sekunde 10 hata nywila ya akaunti sijaikumbuka.

Nikampelekea mhasibu habari hizi, nikidhani nimemkamata. Akasema mfumo wa mafungu ndio waliouzoea. Sawa, nikashuka bei: basi ukiona sikukuu inakuja, fungua kalenda, tuma siku mbili tatu kabla. Hilo halihitaji mtambo wowote, linahitaji kalenda tu, na iko ukutani nyuma ya kiti chake.

Akalipenda sana wazo. Akaliandika kabisa, akasema atalifikisha kwenye kikao.

"Kikao lini, mzee?"

"Baada ya sikukuu."