Ramani ya mji inachorwa, mwenye shamba anaiona lini?

Tangu Julai 2020 Arua, hapa Uganda, ni city, yaani jiji, pamoja na Gulu, Jinja, Mbarara, Masaka, Mbale na Fort Portal. Kwetu huku maana yake ni kwamba vijiji vya Ayivu, ambako watu wanalima muhogo na wanazika wazee wao pale pale nyumbani, viliingia ndani ya mji kwa siku moja, na mji lazima uwe na ramani ya mipango, hapa makazi, hapa biashara, hapa viwanda, hapa barabara itapita. Sasa kila nikikaa na watu naona tumegawanyika, wengine wanasema hiyo ramani ni ya kutunyang'anya ardhi, wengine wanasema bila ramani tutakuwa kama Bwaise, ule mtaa wa Kampala uliojengwa ovyo. Mimi naona pande zote zina hoja ya kweli, ila kinachoniuma zaidi ni kingine: nani anaiona hiyo ramani, na anaiona lini.

Sheria ya mipango ya 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, siyo mijini tu, hata shamba la kijijini kabisa limo. Na kwenye karatasi utaratibu ni mzuri. Ofisa wa mipango anatayarisha rasimu, kamati ya mipango inaipitia, inabandikwa hadharani watu waione, mwenye pingamizi analeta, halafu ndiyo inapitishwa, na asiyeridhika ana njia ya rufaa. Lakini hadharani ni wapi? Mara nyingi ni ubao wa ofisi, kwa Kiingereza, rangi rangi tu na skeli ambayo shamba la ukoo mzima linakuwa nukta, sasa mama aliyetoka Ayivu kuja kuuza mihogo sokoni atajuaje kwamba ile nukta ya zambarau ni nyumbani kwake? Kiswahili kimo kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini tangazo la ramani kwa Kiswahili mimi sijawahi kuliona.

Tuwe wakweli lakini, mji usio na ramani unaumiza maskini kwanza. Kampala ni mfano, watu wa mipango wa kikoloni walishughulika na vilima vya Nakasero na Kololo, ile Kibuga, mji wa Kabaka upande wa Mengo, ilikuwa chini ya serikali ya ufalme wa Buganda ikabaki nje ya mipango yao, na mpaka leo ukitembea kwa miguu unaiona tofauti. Nenda Bwaise mvua ikinyesha, nyumba zilitangulia, mtaro ukafuata, maji yanaingia mpaka kitandani. Na hapa kwetu imeshaanza, dalali anachukua shamba anakata ploti za futi hamsini kwa mia, anaacha kinjia cha kupita bodaboda moja, anakula hela anaondoka, baadaye nyumba ikishika moto gari la zimamoto haliingii, mama mjamzito anabebwa mpaka barabarani, gari la kunyonya choo halifiki. Baraza ya mji ingekuwa imechora barabara mapema, huyo dalali angebanwa. Hapo mimi niko na watu wa mipango kabisa.

Ila upande wa pili una kitu ambacho ofisi hazipendi kukisema. Katiba, kifungu cha 26, inasema ardhi ya mtu isichukuliwe kabla hajalipwa fidia ya haki, na 2015 Mahakama ya Juu ilisisitiza hivyo hivyo, lipa kwanza. Sawa, lakini ramani haichukui ardhi, inapiga mstari tu, na kwa mstari hakuna anayelipwa. Jamaa yangu mmoja, mji sitautaja, alikwenda kuomba kibali cha kujenga akaambiwa barabara inapita katikati ya ploti yake, ndiyo siku ya kwanza anaisikia hiyo habari. Miaka sita sasa, hajajenga, hajalipwa, mnunuzi akisikia anakimbia, na barabara yenyewe haijaja kwa sababu pesa hakuna. Huyo ukimwambia ramani ni maendeleo atakuelewa vipi?

Maofisa nao wana jibu, na si jibu la kipuuzi. Wanasema ukionyesha ramani mapema sana wenye pesa watakimbilia kununua pale lami itakapopita, na wengine watasimamisha vibanda usiku ili walipwe fidia. Ni kweli hayo hutokea. Lakini mwenye pesa hasubiri ubao, ana rafiki yake ndani ya ofisi, ameshaijua zamani, kwa hiyo siri inamficha mwenye shamba peke yake, anauza kwa bei ya muhogo kitu ambacho mnunuzi anajua ni cha bei ya lami.

Ndiyo maana mimi ningetaka baraza ianze na vichache, barabara kuu, mitaro, shule, na maeneo ya chepechepe ambayo hata hivyo katiba imeyaweka mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi. Hivyo vipitishwe haraka na mawe ya mpaka yapigwe chini watu wayaone kwa macho. Rangi zingine, sijui viwanda vyepesi, makazi ya watu wachache, zingoje kwanza, maana kwa ardhi ya kimila picha ya satelaiti haionyeshi mpaka wa ukoo, wala haionyeshi kwamba chini ya ule mwembe kuna makaburi matano. Anayejua ni mzee wa pale na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza ya kijiji, na inabidi mchoraji atembee nao shamba kwa shamba, kijiji kwa kijiji. Ukiwauliza kwa nini hawatembei wanakwambia bajeti ya mafuta ya gari haipo.