Andazi la haradali

Jamani mimi ni mtoto wa Tanga, mama yangu kanisomesha kwa maandazi, saa kumi alfajiri niko macho nakanda unga ndo niende shule, kwahiyo nilivyoenda Berlin kujitolea kwenye nyumba ya wazee halafu mama mpishi akaniambia tarehe 31 Desemba tunapika Pfannkuchen, nikacheka kimoyomoyo. Darasani Dar tulifundishwa Pfannkuchen ni chapati za maji. Nikavunja mayai, nikakoroga uji wangu mlaini kabisa, mama wa watu akachungulia bakuli akaniuliza hii supu ya nani. Kumbe kwa watu wa Berlin hilo ni jina la andazi la duara la kujaza jemu, lile lile ambalo miji mingine wanaliita Berliner na kule Bavaria ni Krapfen, sasa mimi ningejuaje?

Haya, tukaanza upya. Unga, maziwa, mayai, siagi, hamira, mpaka hapo niko nyumbani, iliki tu ndo hakuna. Balaa likaanza kwenye mafuta. Mi andazi nimezoea kulimwagia mafuta kwa juu na kulizungushazungusha, mama akanidaka mkono, liache lielee! Wenyewe wanataka libaki na mkanda mweupe kiunoni, maana andazi lililoumuka vizuri ni jepesi, nusu linabaki juu ya mafuta, ukishaligeuza pale katikati hapapati moto wa kutosha. Sita zangu za kwanza zikatoka kahawia mwili mzima kama tofali za kuchoma, akaziangalia kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

Tukafika 36 zenye mikanda yao. Ikabaki kujaza, unachukua bomba lenye mdomo mrefu unalichoma andazi ubavuni kama unampiga mtu sindano. Mama ana haraka ya kwenda kupamba ukumbi, feni ya jikoni inaunguruma, Kijerumani changu cha miezi minne, akanipa maelezo yote kwa pumzi moja akaondoka. Nikadaka jemu, nikadaka Senf, yaani haradali ile ya njano ya kulia soseji, nikadaka na neno moja. Hilo moja nililisikia vizuri kabisa, naapa. Shida ikawa moja ya nini.

Nikawaza, hawa watu haradali wanakula na soseji, wanakula na nyama, basi na andazi pia, ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Nikajaza haradali 35. Jemu nikaweka kwenye moja. Juu nikanyunyiza sukari ya unga, yakapendeza mpaka nikayapiga picha nikamtumia mama yangu Tanga.

Jioni wazee wamekaa, kofia za karatasi kichwani, sahani zinapita. Wakang'ata. Kimya. Nikaona bibi mmoja macho yanamtoka machozi ila anatafuna tu, jirani yake kakaza shingo anameza kama dawa ya minyoo, na hakuna anayesema kitu! Nikajua mambo matamu hayo.

Kumbe mkesha wa mwaka mpya wana utani wao, kati ya maandazi yote moja linawekwa haradali kwa siri, atakayeangukiwa nalo ndo anachekwa. Kwahiyo kila mzee pale ndani alijua ni yeye, na kila mmoja kajikaza asichekwe.

Mwishowe yule bibi akashindwa, akapiga meza, haya nicheke, ni mimi! Jirani akamwambia we bibi usinidhulumu, ni mimi. Meza ya pili, ni mimi. Ukumbi mzima ni mimi ni mimi, mama mpishi akageuka taratibu akanitafuta kwa macho, na mimi natafuta mlango.

Hapo ndo babu wa dirishani, sukari mpaka kwenye nyusi, akanyoosha mkono kwa unyonge, samahani jamani, mbona langu lina jemu?

Wakamcheka yeye.