Geresha katika poka: hesabu au kumsoma mtu?

Katika poka, kugeresha ni kuweka dau kubwa ukiwa na karata dhaifu ili mwenzako ajitoe. Wapo wanaoshikilia kwamba hiyo ni hesabu tupu, na wapo wanaosema ni kumsoma aliyekaa mbele yako.

Wa kwanza wana hoja nzito. Ikiwa mezani kuna shilingi 10,000 nawe ukaweka 10,000 nyingine bila kitu mkononi, utafaidika endapo tu mwenzako hujitoa zaidi ya nusu ya nyakati. Ukiweka 5,000, inatosha ajitoe zaidi ya theluthi. Yeye naye, akitakiwa kulipa 10,000 ili azione karata zako, anapigania 20,000, hivyo kulipa humfaa iwapo unamdanganya zaidi ya mara moja katika tatu. Ndiyo maana hesabu inasema kwamba katika dau la mwisho la kiasi hicho, theluthi iwe geresha, na mwenzako abaki hajui la kufanya. Mwanahisabati John von Neumann na mwanauchumi Oskar Morgenstern walilieleza jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 1944, na Januari 2017 programu ya kompyuta ya Libratus iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa huko Pittsburgh bila kumtazama yeyote usoni.

Hata hivyo, mwaka 2003 huko Las Vegas, katika fainali ya mashindano makuu ya poka duniani, Chris Moneymaker, akiwa amekosa shupaza ya tano aliyoingoja ili apate karata tano za aina moja, alisukuma kila alichokuwa nacho, na Sam Farha akaziacha tisa mbili zilizokuwa zikiongoza. Geresha ile iliaminika kwa kuwa shupaza tatu zilikuwa wazi mezani, hivyo mwenye mbili mkononi angekuwa nazo tano, na aliyetakiwa kuziamini alikuwa na mengi ya kupoteza.

Hapa Dodoma tunalijua jambo hilo bila karata. Mnunuzi wa zabibu anayefika shambani Hombolo wakati wa mavuno, akataja bei ya chini kisha akarudi kwenye gari lake, anageresha, na mara nyingi hufaulu kwa sababu zabibu zilizochumwa hazingoji. Mkulima akishapata mnunuzi wa pili, gari lile huchukua muda mrefu sana kuwaka.

Kwa maoni yangu, wanaotetea hesabu wako sahihi pale wanapokutana na mtu wasiyemjua, au anayewazidi. Lakini theluthi ile ni kinga tu. Hesabu hiyohiyo inamkataza mtu kumgeresha asiyejitoa, na ni kwa kumsoma tu ndipo utajua kwamba hajitoi. Meza yetu ya Jumamosi huku Area C inachezea karanga, na kwa kuwa hakuna anayeogopa kupoteza karanga, karibu kila dau hulipwa. Mzee mmoja husema kila mara, "Ngoja nione tu," hata akiwa na karata mbovu kuliko zangu. Kwake nimeacha kugeresha kabisa. Nasubiri ree mbili, nikizipata namwekea bakuli zima.