Nani Aambiwe?

Ujumbe uliingia saa mbili usiku kwenye kundi la WhatsApp la kikundi chetu, sisi tunaojitolea kuwatembelea wazee na watu wenye ulemavu majumbani mwao. "Jamani, yule bibi wa chumba cha mwisho leo nimemkuta hana nguvu kabisa, dawa za moyo zimemwishia tangu juzi. Yuko peke yake, mwanawe kasafiri. Atakayeweza apite kesho asubuhi, ufunguo huwa chini ya chungu cha maua." Chini ya maneno hayo kulikuwa na picha ya pakiti tupu ya dawa, na jina kamili la bibi likisomeka vizuri. Kundi lile lina watu 52.

Aliyeandika ana huruma kuliko wengi wetu, na bibi alipata dawa zake asubuhi na mapema. Hilo lisisahaulike katika yote nitakayosema. Lakini usiku ule watu 52, wengine wakiwa wameacha hata kuhudhuria vikao, walijua kwamba kuna mwanamke mgonjwa, hana mtu wa kumwangalia, na mlango wake unafunguliwa hivi.

Tangu hapo tumegawanyika. Wapo wanaosema mambo ya wahudumiwa yazungumzwe wazi, kwa sababu ukimya ndio unaoua. Wapo wanaosema kila tunachokiona tukimezee, kwa sababu tumeingia majumbani mwa watu kwa kuaminiwa. Kila upande una haki zaidi kuliko upande wa pili unavyokubali.

Nianze na wa kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya kila watu 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, mmoja hutendewa unyanyasaji wa aina fulani ndani ya mwaka katika jamii anamoishi. Mara nyingi anayetenda si mwizi wa kupita njia; ni mtoto, mwenzi, mpwa au mlezi, mtu mwenye ufunguo wake halali. Ndiyo maana ni vigumu kumwona. Mwenzetu mmoja Jumatatu anaona mzee amevaa shati lile lile la wiki iliyopita. Mwingine Alhamisi anaambiwa na mzee huyo huyo kwamba kadi yake ya benki "anaitunza kijana". Wa tatu, Jumapili, anaona alama ya bluu kwenye mkono na kuambiwa ni kujigonga kwenye kabati. Ukichukua kila jambo peke yake, si kitu. Watu huvaa shati moja wiki nzima, na kabati hugonga watu. Yakiwekwa pamoja mezani, hata asiye na mafunzo atashtuka. Kama wote watatu wamefunga midomo kwa jina la siri, hakuna atakayeyaweka pamoja, na kijana ataendelea kuitunza kadi.

Uingereza walilijua hili kwa uzoefu. Mwaka 1997 kamati iliyoongozwa na daktari Fiona Caldicott ilitoa kanuni sita za kutunza siri za wagonjwa. Mwaka 2013, baada ya mapitio mapya yaliyoongozwa na daktari huyo huyo, iliongezwa kanuni ya saba: kwamba wajibu wa kupeana taarifa unaweza kuwa na uzito sawa na wajibu wa kutunza siri. Walioandika sita za kwanza hawakuwa wamekosea. Ilionekana tu kwamba watumishi walikuwa wakizisoma kama amri ya kunyamaza.

Upande wa pili nao si wa waoga, ingawa kwenye vikao vyetu huitwa hivyo. Taarifa za mtu dhaifu ni chombo mkononi mwa anayetaka kumdhuru. Anayejua kuwa huoni vizuri, kuwa fedha zako huingia tarehe fulani, kuwa unasahau uliyeongea naye jana, hana haja ya kuvunja mlango. Zaidi ya hapo kuna heshima. Mtu mzima hageuki mtoto kwa kuhitaji msaada wa kuoga. Bibi wa dawa za moyo hakuulizwa kama picha ya pakiti yake ipigwe, sembuse itumwe.

Na tusijidanganye kwamba sheria za taarifa binafsi ni za mabenki na makampuni ya simu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mama mmoja wa Uswidi aliyefundisha dini parokiani kwake alitengeneza kurasa za intaneti kwa ajili ya waumini. Akaandika kuhusu wenzake wa parokia: majina, kazi, namba za simu, na kwamba mmoja wao ameumia mguu na anafanya kazi nusu siku kwa sababu hiyo. Hakuwa na nia mbaya, wala hakupata faida. Kesi ilifika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na mwaka 2003 ikaamuliwa kwamba shughuli ile iliguswa na sheria, na kwamba kutaja mguu ule ni kutoa taarifa za afya za mtu. Huo ni mguu tu. Sisi tulituma dawa za moyo, jina na ufunguo. Leo Kenya na Uganda zina sheria za namna hiyo tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na kanuni za Umoja wa Ulaya zinatumika tangu 2018. Kwamba hatulipwi hakutuondoi humo.

Hata hivyo sheria hizo hizo haziwatetei wanaonyamaza mtu akiwa hatarini. Kanuni za Ulaya na sheria ya Kenya zote zinakubali taarifa itumike bila ridhaa pale inapohitajika kulinda maslahi muhimu ya mhusika, na uhai ni la kwanza kati ya hayo. Nimesikia mtu mzima akisema, "Niliona, ila sheria ya data hainiruhusu." Inamruhusu. Alichokosa ni kujua amwambie nani.

Hapo ndipo ninapoona tumekuwa tukigombania jambo lisilo lenyewe. Tunabishana kama tuseme au tusiseme, wakati swali ni nani aambiwe, na aambiwe kiasi gani. Ujumbe ule wa usiku ulihitaji masikio mawili: mratibu, na atakayepeleka dawa. Masikio mengine hamsini hayakumsaidia bibi kwa lolote. Wale watatu wa shati, kadi na mkono nao hawahitaji kundi; wanahitaji mtu mmoja anayepokea kutoka kwa wote na mwenye daftari la kufungiwa. Katika daftari hilo kilichoonekana kiandikwe mbali na kinachodhaniwa: "alama ya bluu, mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, Jumapili", si "anapigwa". Dhana ikishaandikwa kama jambo lililoonekana, hata asiye na hatia hataweza kuifuta. Awepo na msaidizi, maana mratibu huumwa, huzima simu, na, lazima tuseme, anaweza kuwa yeye ndiye mdhulumu. Mambo ya nywila na kufuta picha kwenye simu ni ya lazima pia, lakini yanafundishika kwa dakika kumi.

Utaratibu huu una gharama. Unachelewesha. Kundi la watu 52 hujibu kwa dakika mbili, na mtu mmoja anaweza kuwa usingizini. Kwa hatari ya papo hapo hakuna cha kusubiri mratibu, unapiga simu ya dharura. Kwa yasiyo ya papo hapo, nakubali kuchelewa saa kadhaa kuliko kuutangaza ufunguo.

Linabaki gumu kuliko yote: mhusika mwenyewe anapokataa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unabeba pande zote mbili bila kuficha: kifungu cha 16 kinataka walindwe dhidi ya unyanyasaji, cha 22 kinalinda faragha yao, na cha 12 kinasema wana uwezo wa kisheria sawa na watu wengine. Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya Uingereza ya mwaka 2005 nayo inasema mtu asihesabiwe hana uwezo kwa sababu tu ameamua lisilo la busara. Kwa hiyo mtu mzima anayeelewa ana haki ya kuniambia niache. Haki hiyo ina mpaka: pale wengine wanapokuwa hatarini, pale uhai wake unapotishiwa, pale anayekataa anakataa kwa kumwogopa aliyesimama mlangoni.

Mzee mmoja aliniambia mpwa wake huchukua fedha zake, kisha akanishika mkono: "Usimwambie mtu, mwanangu." Siku ya kwanza kabisa nilikuwa nimemweleza kwamba siwezi kuahidi siri kamili, na nilishukuru kwamba nilikuwa nimesema. Nilimwambia sitalipeleka kwenye kundi, wala kwa mpwa, wala kwa majirani, ila nitamweleza mratibu wetu, kwa sababu alikuwa anakula mara moja kwa siku. Alikasirika. Hakusema nami tena siku ile.

Wiki iliyofuata alinifungulia mlango, na kabla sijakaa akauliza, "Umemwambia nani?" Nikamtajia jina moja. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi huyo aje, nimweleze mwenyewe."