Boeing ililipa kile ilichokipima

Mwaka 2018 mauzo ya Boeing, kampuni ya Marekani inayounda ndege, yalivuka dola bilioni 100 kwa mara ya kwanza, na faida ikafika bilioni 10.5. Mkurugenzi mtendaji, Dennis Muilenburg, alilipwa dola milioni 23.4, zikiwemo milioni 13.1 za bonasi. Oktoba mwaka huohuo ndege ya 737 MAX ya Lion Air ilikuwa imeanguka baharini Indonesia na watu 189. Machi 10, 2019 ikaanguka ya Ethiopian Airlines, iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Walikufa watu 157, Wakenya 32 miongoni mwao.

Wanaotetea malipo manono ya mabosi wana hoja, tena si ya kubeza. Milioni 23 kwenye faida ya bilioni 10.5 hazifiki hata robo ya asilimia moja. Muilenburg aliposhika usukani Julai 2015, hisa moja ilikuwa karibu dola 140. Mwanzoni mwa Machi 2019 ilikuwa 440. Mwenye hisa angelalamikia nini? Na mambo yalipoharibika, mfuko wake uliguswa: hakuchukua bonasi ya 2019, na alipoondolewa Desemba hakupewa kiinua mgongo cha kuachishwa kazi, akapoteza pia hisa zenye thamani ya kama dola milioni 14.6 ambazo muda wake ulikuwa haujatimia. Hata hivyo alitoka na takriban dola milioni 62 za hisa na pensheni.

Wengi husema hapo malipo yaliachana na utendaji. Mimi naona yaliufuata vizuri mno. Bonasi za vigogo wale zilipimwa kwa fedha taslimu iliyobaki baada ya matumizi, kwa mauzo, na kwa faida ya kila hisa. Hicho cha mwisho kina mlango wa uani. Kampuni ikinunua hisa zake yenyewe sokoni, faida ileile inagawanywa kwa hisa chache zaidi, na namba inapanda bila ndege hata moja kuongezeka. Kati ya 2013 na 2019 Boeing ilitumia zaidi ya dola bilioni 40 kwa ununuzi huo. Na 737 ni muundo ulioanza kuruka mwaka 1967. Mwaka 2011 kampuni iliamua kuibadilishia injini badala ya kusanifu ndege mpya, na toleo hilo ndilo MAX.

Dawa inayopendekezwa sasa ni kuingiza usalama na maslahi ya jamii kwenye vigezo vya bonasi. Inategemea umeviandikaje. Aliyempokea Muilenburg, Dave Calhoun, aliwekewa dola milioni 7 endapo MAX ingerudi angani salama, yaani bodi ilimpa sababu ya kuona haraka ni nzuri. Baada ya kipande cha ubavu wa ndege ya Alaska Airlines kuchomoka angani Januari 2024, Boeing ilitangaza kwamba asilimia 60 ya bonasi za mwaka za wakuu wa kitengo cha ndege za abiria itategemea usalama na ubora. Ni afadhali kuliko zamani. Lakini mwaka unaweza kupita bila ajali, bonasi ikalipwa, na kosa likabaki limelala kwenye michoro.

Uamuzi wa 2011 haukuwa hata wa Muilenburg. Ulikuwa wa enzi za James McNerney, aliyeachia ukurugenzi mtendaji 2015, kabla MAX haijabeba abiria. Kipimo cha mwaka mmoja mmoja kisingemnasa. Ndiyo maana naona bora sehemu kubwa ya malipo iwe hisa ambazo bosi haruhusiwi kuziuza mpaka ipite miaka kadhaa tangu aondoke. Watalalamika kwamba wataadhibiwa kwa makosa ya warithi wao, na malalamiko hayo yana haki kiasi. Lakini Muilenburg naye alivuna bei ya hisa iliyobebwa na oda za MAX zilizoanza kupokewa kabla yake, na hakuna aliyesema hiyo ilikuwa dhuluma.