Kabla ya Godoro, Toboa Paa

Jumamosi iliyopita sikulala. Tangu nirudi nimejaribu mara tatu kuliandika jambo hili kwa utulivu, nimeshindwa, kwa hiyo naliandika hivi hivi lilivyo kifuani.

Tulikuwa kambini kando ya ziwa, huku kaskazini mwa Minnesota, familia sita za Watanzania na Wakenya, kama tunavyofanya kila mwaka majani yakianza kugeuka rangi. Wengine na mahema, wengine wanalala garini, na mwaka huu kijana mmoja wetu akaja na trela lake. Trela la mizigo la futi 6 kwa 12, lile boksi jeupe ambalo mafundi wa kukata nyasi hubebea mashine zao, yeye amelifanya chumba. Na kazi ni nzuri, lazima niseme. Kuta kazivisha mbao za msonobari zilizopigwa randa mpaka zinang'aa, chini ya kitanda kuna makabati ya kuvuta, mkewe katundika kitenge kwenye kidirisha cha mlango. Tulikaribishwa humo chai ya tangawizi. Watoto wao wawili walikuwa wamejilaza kitandani wamebanana kama ndizi kwenye chane.

Nikauliza, "Hewa inaingilia wapi?"

"Haiingii, kaka," akanijibu kwa furaha. "Nimeziba kila tundu. Baridi haina pa kupita."

"Na usiku mnaota nini?"

Akanionyesha hita ya gesi, ile ndogo ya kubeba mkononi inayofungwa mtungi wa propani wa paundi 1. Imekaa sakafuni, hatua moja kutoka kwenye miguu ya watoto.

Nikatoka nje na tochi nikalizunguka trela. Yale matundu mawili ya pembeni yenye vifuniko vya plastiki, moja mbele moja nyuma, ambayo kiwanda kiliyaweka ili mzigo usivunde, kayajaza povu la kupulizia. Povu limetokeza nje limekauka.

Nilimwomba usiku ule wasiwashe ile hita. Tuliwapa mablanketi yetu mawili na shuka la kimasai. Alikubali, ila niliona amekubali kwa sababu mimi ni mkubwa kwake, siyo kwa sababu ameniamini. Ndiyo maana sikulala. Kila nikisinzia naamka kutazama kama kuna mwanga mwekundu kwenye kile kidirisha chenye kitenge.

Mimi nimekulia Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Wanaoijua Makete wanajua baridi ya Juni na Julai kule, asubuhi majani yamevaa barafu. Na wanajua pia kinachotokea mtu akiingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga mlango na kuziba upenyo wa chini kwa gunia. Karibu kila kijiji cha nyanda zile kina nyumba ambayo asubuhi moja mlango haukufunguliwa. Bibi yangu hakuwa amesoma kemia, lakini chakula kikiiva jiko lilikuwa la kutolewa nje, hata kama tunatetemeka, na ole wako ulirudishe. Sasa tumevuka bahari, jiko limekuwa na kitufe na karatasi ya maelezo, basi tumeyasahau ya bibi?

Kijana aliniambia hita yake inajizima yenyewe. Ni kweli, nyingi za aina hiyo zina kifaa kinachozima moto oksijeni ikishuka. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, na kifaa kinazima ikifika kama 18. Lakini kifaa hicho kinapima oksijeni tu. Kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye moto uliokosa hewa ya kutosha, hakiijui. Na gesi hiyo haina rangi wala harufu, na inaing'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo hata kidogo chake kinatosha kumfanya mtu aliyelala azidi kulala. Karatasi ya maelezo yenyewe inataka uache upenyo wa hewa safi. Nimeisoma. Tuisome wote, tafadhali, kwa sababu wanaotengeneza video za mtandaoni za kugeuza matrela kuwa vyumba hawaisomi. Katika dakika kumi na mbili mtu anatandika sakafu, anapaka rangi, anapanga mito, muziki unapigwa, na hakuna hata sekunde moja ya kuonyesha familia itapumua vipi. Vijana wetu wanajifunzia huko. Inaniuma.

Trela la mizigo ni kitu kizuri cha kuanzia, silipingi, mimi mwenyewe ninalo. Kuta zimenyooka, ekseli ipo, mlango upo, na bei yake haikaribiani kabisa na nyumba ya kuvuta iliyotoka kiwandani. Lakini hao wanaoyatengeneza kule Elkhart, Indiana, na kusini mwa Georgia, wanatengeneza sanduku la kubebea vitu visivyopumua. Mbavu za chuma, bati la alumini jembamba kuliko milimita 1, plaiwudi ndani, basi. Ukiingiza watu humo umebadilisha kazi yake. Mtu anavuta hewa, anatoa joto, anatoa maji usiku kucha.

Hayo maji ndiyo yaliyonifundisha mimi. Trela langu la kwanza nililiandaa mwaka 2018. Nilinunua pamba ya kioo, ile ya njano ya marobota, nikaishindilia katikati ya mbavu zote, nikafunika kwa plaiwudi, nikaona nimemaliza. Novemba tukaenda kulala mara nne tu. Asubuhi ya kwanza mke wangu aliamka shavu limelowa, matone yanadondoka kutoka kwenye vichwa vya skrubu darini. Nilikumbuka nyumba yetu ya bati isiyo na dari, jinsi asubuhi za baridi bati lilivyokuwa likitutonea. Nikafuta kwa taulo nikaona yamekwisha. Aprili nilipofungua ukuta kuongeza swichi, nilikuta pamba imekuwa kama sponji, ukungu mweusi umepanda mpaka usawa wa mto aliokuwa akilalia binti yangu. Binti yangu ana pumu. Nilikaa chini kwenye ile sakafu nikashindwa kuinuka kwa muda.

Ukiichoma kilo 1 ya propani unapata zaidi ya kilo 1.6 ya maji. Hiyo ni hesabu ya moto wenyewe, haibadilishwi na ubora wa hita. Kamtungi kale ka paundi 1 kakiisha, kamemwaga hewani karibu robo tatu ya lita ya maji, ongeza na pumzi za watu wanne. Katika sanduku la futi 6 kwa 12 lililozibwa kila tundu, maji hayo yatakwenda wapi? Yatatafuta kitu cha baridi kuliko vyote, nacho ni chuma cha ubavu na bati la nyuma yake, yatagandama hapo na kusubiri.

Kwa hiyo nasema hivi, na nitalirudia mpaka nichoshe watu: siku unapoleta trela nyumbani, kabla hujanunua ubao hata mmoja, panda juu utoboe paa.

Tundu la kawaida ni inchi 14 kwa 14. Feni nyingi za paa zinaingia hapo bila matata. Chora alama katikati ya mbavu mbili za paa, usikate ubavu. Toboa pembe nne kwa drili kutoka ndani ili uone umefika wapi juu, kisha kata kwa jigso (msumeno mdogo wa umeme) yenye meno ya kukatia chuma, na uwe na mtu wa kulishika lile bati lisikuangukie. Ndani zungushia fremu ya mbao ili skrubu zipate pa kuuma. Chini ya ukingo wa feni bandika mkanda wa butili, ule wa mpira laini unaonata, kaza skrubu taratibu mpaka mkanda utoke pembeni, halafu juu yake mimina ile gundi ya paa inayojisambaza yenyewe. Usiweke silikoni. Silikoni itakaa msimu mmoja au miwili, itaachia, na siku utakapotaka kurekebisha hakuna gundi nyingine itakayoshika palipopita silikoni.

Feni peke yake haitoshi. Inayovuta juu inahitaji pa kuvutia chini. Fungua yale matundu ya pembeni, au toboa sakafuni karibu na mlango, uweke wavu wa kuzuia panya. Usiku mimi naiacha feni kwenye spidi ya chini kabisa, inakula chini ya ampea 1, betri yangu ya ampea-saa 100 haishtuki. Tangu nifanye hivyo sijaona tone darini, hata tulipolala kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri.

Na kwa joto, tafuta hita inayopumua nje: inayovuta hewa yake ya kuunguzia nje ya trela na kutupa moshi wake nje. Hita za dizeli ndogo zinafanya hivyo, na zipo za propani zilizofungwa kwa namna hiyo. Joto linaingia kavu. Hakikisha tu bomba la moshi linaishia nje ya ukingo wa trela, lisiishie chini ya sakafu karibu na lile tundu ulilotoboa la kuingizia hewa. Pamoja na hayo, king'ora cha kaboni monoksaidi usawa wa vichwa vya waliolala, na kingine cha kunasa propani chini kabisa, maana propani ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni.

Najua mtakayosema. Feni nzuri ni ghali, nakubali, inaweza kula fedha uliyotenga kwa ajili ya jiko zima na sinki lake. Kukata paa jipya kunatisha, nakubali, mkono wangu ulitetemeka. Na hewa ikiingia joto linatoka, hilo nalikubali kwa shingo upande, kwa sababu ni kweli utaunguza mafuta zaidi. Unguza.

Kuhusu kuta, mimi siku hizi natumia mbao za povu gumu, zile za waridi, nazibandika kabisa kwenye bati bila kuacha nafasi, na mbavu za chuma nazifunika pia zisibaki wazi. Pamba ya kioo sitaigusa tena.

Kuna mlango. Mlango wa pembeni wa matrela mengi hufungwa kwa komeo refu la chuma lililo nje. Mtu akipita, au mtoto akicheza, akalilaza mahali pake, waliomo ndani hawatoki. Weka kitasa kinachofunguka kwa ndani kabla ya usiku wa kwanza, na uwe na njia ya pili ya kutokea.

Uzito pia. Trela la ekseli moja la ukubwa huu mara nyingi limeandikwa mwisho paundi 2,990, na likiwa tupu tayari lina zaidi ya 1,200. Zile mbao nzuri za msonobari ni nzito. Pita kwenye mzani, na hakikisha asilimia 10 hadi 15 ya uzito inakaa kwenye ndoano ya gari, la sivyo trela litakuyumbisha barabarani.

Sola, friji, choo, haya mengine kila mtu ataamua kwa mfuko wake.

Jumapili asubuhi, wakati tunakunja mahema, yule kijana alikuja akasimama kando yangu muda bila kusema. Kisha akasema, "Shikamoo kaka." Nikaitikia. Akaniambia usiku, hata bila hita, mkewe aliamka akakuta kitenge kimelowa chepechepe, akakikamua kwenye bakuli. Alikuwa nalo mkononi lile bakuli. Akanionyesha yale maji, yalikuwa yamefika kama vidole viwili.

Hatukusema mengi. Tulitoa kisu, tukaanza kuchokonoa lile povu kwenye matundu ya pembeni, yeye upande wake na mimi upande wangu, mpaka nikauona mwanga wa ndani. Jumamosi hii nakwenda kwake. Feni ameshaagiza. Nabeba jigso, mkanda wa butili na zile tyubu mbili za gundi zilizonibakia. Nimemwambia atoe godoro la watoto nje kabla sijafika, maana vipande vya alumini vikidondokea kwenye kitambaa havitoki.