Maji yaliitosha Land Rover 109. Corolla je?

"Bosi, kulanti ya nini? Huku kwetu theluji iko Kilimanjaro tu." Kulanti ni kimiminika kinachochanganywa na maji ya rejeta, na huyazuia yasigande kwa baridi. Fundi aliyasema hayo huku anamimina dumu la maji ya kisima kwenye rejeta ya Corolla 110 yangu, na vijana wa gereji wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Miezi kadhaa baadaye tulichomoa mpira wa juu wa rejeta, yakatoka maji ya rangi ya uji wa ulezi. Ule mdomo wa alumini unaotoka kwenye silinda hedi, pale mpira unapovalishwa, ulikuwa umeliwa vitundu vitundu kama hindi lililoingiliwa na dumuzi. Ukiukwaruza kwa bisibisi, unga mweupe unadondoka.

Hata hivyo hoja ya fundi si ya kubeza. Maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti: ukichanganya nusu kwa nusu, uwezo huo unapungua kwa zaidi ya asilimia 10. Wanaosema maji yatachemka yakifika nyuzi 100 wanausahau mfuniko wa rejeta. Ule ulioandikwa 0.9, yaani kipimo cha shinikizo, unayakandamiza maji mpaka kiwango chake cha kuchemka kinakaribia nyuzi 118. Kisha kuna suala la mfuko: gari linalovuja kila wiki, ukilitilia kulanti, unaimwagia barabara.

Wazee nao wana ushahidi wao. Mmoja atakuambia aliendesha Land Rover 109 miaka na miaka kwa maji ya mtoni. Namwamini. Ila ile 109 ya silinda nne bloku yake ni chuma, hedi ni chuma, rejeta ni shaba iliyounganishwa kwa risasi. Chuma chenyewe kinene, kutu ingekila taratibu, na rejeta ikiziba ilifunguliwa, ikachokonolewa, ikalehemiwa, safari ikaendelea. Corolla 110 yenye injini ya 5A ina bloku ya chuma na hedi ya alumini. Betri ni nini kama si metali mbili tofauti zilizotiwa kwenye maji yenye chumvi? Ukijaza maji ya kisima cha pwani umeitengeneza betri hiyo ndani ya injini, na inayoliwa kwanza ni alumini. Chumvi inazidisha, kwa sababu hutoboa utando mwembamba unaoikinga alumini.

Kwa hiyo theluji haihusiki hapa. Kinachotafutwa kwenye kulanti ni dawa ya kutu, na dawa hiyo huja pamoja na glaikoli, kile kimiminika kinachozuia maji kuganda. Hapo ndipo wanapoponzwa wanaotia kikombe kimoja kwenye rejeta nzima wakidhani wamebana matumizi. Ukiizimua mno, dawa inakuwa haba. Kwa joto letu theluthi moja inaweza kutosha, lakini mimi natia nusu. Zile chupa za maji yaliyotiwa rangi tu, hata kama zimeandikwa kulanti, ziache dukani.

Kulanti gani sasa? Watu wengi huchagua kwa rangi, na rangi haina sheria. Kila kiwanda hutia ipendayo. Soma maandishi. Aina ya zamani, ambayo mara nyingi ni ya kijani, ina silikati, aina mojawapo ya dawa ya kutu. Hujenga ukuta wake haraka juu ya metali, lakini dawa huisha baada ya miaka 2 hivi. Za muda mrefu, zenye asidi za kikaboni, hutajwa kudumu miaka 5. Zinafanya kazi polepole zaidi, na baadhi yake hazielewani na risasi ya rejeta za shaba wala na gasketi za zamani. Kwa 109, au Peugeot 504 yenye rejeta ya shaba, ningetia ya kijani bila kusita. Kwa Corolla nafuata Wajapani: wao walikwepa silikati wakihofia sili za pampu ya maji, wakatumia fosfeti. Fosfeti nayo ina adui, nayo ni maji magumu. Ikikutana na chokaa ya kisima hutengeneza magamba ndani ya rejeta. Yaani unaweza kununua kulanti nzuri kabisa ukaiharibu kwa dumu la maji ya bure.

Ndiyo maana maji ya kuchanganyia yananiumiza kichwa kuliko chapa ya kulanti. Nanunua maji ya betri, yale yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, na dukani nayataja kwa jina refu, maji ya kuongezea, maana niliwahi kupewa asidi. Ya mvua pia yanafaa, mradi yamekingwa moja kwa moja na si kutoka kwenye bati lenye kutu. Na sichanganyi kulanti za aina mbili. Huweza kuganda kama ute.

Lipo jambo ambalo watetezi wa kulanti hawapendi kulisema. Gari lililoishi kwa maji miaka 15 limezibwa matundu na kutu yake lenyewe. Ukiosha mfumo, umeng'oa viraka. Wengine matundu hayo huyaziba kwa manjano au yai bichi, vitu vinavyoziba pia njia nyembamba za rejeta ya hita. Mimi niliosha mara tatu mpaka maji yakatoka meupe. Uchafu wote nilikinga kwenye beseni, isije ikawamo kulanti ya zamani, kwa kuwa glaikoli ni tamu na ni sumu, na mbwa wa jirani hachagui cha kulamba. Kisha nikajaza ile ya fosfeti, yenye rangi nyekundu, nusu kwa nusu. Wiki ya pili pampu ya maji ikaanza kutoa machozi. Fundi akainama, akagusa tone jekundu kwa kidole, akanitazama. Hakusema kitu. Pampu mpya nilinunua kesho yake.